Fildi ya kiangazi kwenye ofisi ya ugani ya kata: utajifunza nini mashamba yakiwa makavu?

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, mwaka wa pili, hapa Morogoro. Nimepangiwa fildi ya wiki nane kuanzia katikati ya Julai, katika ofisi ya ugani ya kata moja Wilaya ya Kongwa. Wenzangu wamepata vituo vya utafiti na kampuni za mbegu. Mimi nimeambiwa ofisi yenyewe ni meza moja ndani ya ofisi ya mtendaji wa kata, afisa ugani ni mmoja kwa vijiji vinne, na kipindi hicho hakuna kitu shambani. Naogopa nitakaa bure au nitakuwa mtu wa kutumwa chai. Nitaandika nini kwenye ripoti? Na wazee wa umri wa babu yangu watanisikiliza kweli, binti wa miaka 22?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Pole kwa hofu, na hongera kwa kituo ulichopata. Nimekuwa afisa ugani miaka 31, sehemu kubwa katika mikoa ya kati, na karibu kila mwaka nilipokea wanafunzi wa fildi. Waliorudi chuoni wakiwa wamekomaa, wengi wao walipelekwa mahali pa meza moja. Kwenye kituo kikubwa mwanafunzi hupewa kipande chake cha kazi, apime, ajaze fomu, aondoke. Kwenye kata utaliona jambo zima, kuanzia mbegu iliyoning'inizwa juu ya moshi wa jiko hadi gunia linalopakiwa kwenda soko la Kibaigwa.

Tuanze na hilo la "hakuna kitu shambani". Kongwa ina msimu mmoja wa mvua. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zikichelewa ni Januari, na Aprili zimekwisha. Ukifika Julai utakuta mabua, vumbi na upepo. Lakini mavuno yote ya mwaka yamehamia nyumbani, yako kwenye vihenge, kwenye magunia yaliyopangwa chumbani, na kwa wachache ambao bado wana nyumba za tembe, yameanikwa juu ya paa. Mwenye mavuno naye yupo nyumbani. Januari humpati, yuko kwenye palizi tangu alfajiri, na ukimpata anakujibu huku jembe likienda. Julai atakupa kigoda mketi mzungumze. Tena maamuzi makubwa ya msimu ujao yanafanywa sasa: auze lini, abakize magunia mangapi, mbegu atoe wapi, shamba lipi aliache lipumzike. Unafika wakati watu wanaamua. Kwa kazi ya ugani sijui wakati bora kuliko huo.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiulize habari za shamba. Omba kuonyeshwa ghala.

Nikueleze kwa nini naanzia huko. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ghafla, macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba, na wapatao 20 wakapoteza maisha. Chanzo kilikuwa sumukuvu kwenye mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Kule mashariki mwa Kenya mwaka 2004 ilikuwa mbaya zaidi, walikufa watu 125. Sumu hii inatengenezwa na kuvu anayeingia kwenye mahindi na karanga tangu shambani, hasa mmea ukipigwa na ukame unapokaribia kukomaa, kisha anaongezeka ghalani akipata unyevu. Haionekani kwa macho, haina ladha, na kuchemsha ugali hakuiondoi. Mtama na uwele huathirika kidogo kuliko mahindi na karanga, jambo ambalo wazee wa Kigogo watalipokea vizuri, maana uwele ndio chakula walichorithi.

Sasa nikupeleke kwenye uwanja wa nyumba moja, kwa sababu hapa ndipo utakapopata somo ambalo hukulipata darasani. Mama amekaa mkekani anabangua karanga. Pembeni yake kuna bakuli la maji. Kila baada ya muda anachovya mkono, ananyunyizia karanga zilizo mbele yake, anasubiri kidogo, anaendelea. Wewe umesoma, unajua kwamba maji yale ndiyo yanayomkaribisha kuvu. Ulimi utakuwasha umwambie, "Mama, usiloweshe." Ukimwambia hivyo ataitikia "sawa mwanangu", na ukigeuka tu atachovya tena.

Kaa naye. Chukua karanga, ubangue kavu, kwa vidole vyako, debe zima. Kabla hujafika nusu, ncha za vidole gumba zitakuwa nyekundu na kucha zinauma. Hapo utaelewa kuwa maji yale ni dawa ya vidole vyake, na ushauri wa "usiloweshe" bila kitu cha kulainisha kazi ni kumwambia avumilie maumivu kwa ajili ya sumu asiyoiona. Mazungumzo yenye maana yanaanzia hapo. Je, kikundi chao kinaweza kuchangia mashine ya mkono ya kubangulia? Je, wanaweza kutenganisha karanga, za kula nyumbani zibanguliwe kavu kidogo kidogo, na zile za kulowesha zianikwe tena siku hiyo hiyo juu ya turubai? Nani ananunua, na je, analipa bei tofauti kwa karanga kavu? Uliza, andika majibu kwa maneno yao. Hiyo peke yake ni sura nzima ya ripoti yako.

Kwa mahindi kuna kipimo cha chumvi, na nakuomba ukijue kwa mikono kabla hujatoka Morogoro. Tafuta chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa na kizibo chake. Anika chumvi ya kawaida juani mpaka ichambuke, isishikane. Weka vijiko vitatu vya chumvi ndani ya chupa, ongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache robo saa. Ukikuta chumvi imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu uliozidi asilimia 15, yarudi juani. Ikiwa chumvi yote imedondoka chini na kioo ni safi, yako chini ya hapo. Kiwango kinachokubalika kwenye biashara ya mahindi Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo siku moja au mbili zaidi za jua la Kongwa hazitaharibu kitu. Fanya kipimo hicho mbele ya familia nzima na mwenye nyumba ndiye atikise chupa. Nimeona watoto wakikifundisha kwa majirani kesho yake.

Ukiwa humo ghalani, fungua macho kwa mambo mawili. La kwanza ni unga mwepesi chini ya magunia. Hiyo ni kazi ya dumuzi, aliyeingia nchini kupitia upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea kote. Gunia lenye unga chini yake linapungua kila wiki, na mwenye gunia mara nyingi anajua lakini hajui limepungua kiasi gani. La pili ni hatari kubwa: kuna watu wanaweka vidonge vya kufukizia nafaka ndani ya magunia yaliyo kwenye chumba wanacholala. Vidonge hivyo hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua watu waliolala. Ukikuta, usivishike na usitoe maelezo ya kipimo. Waombe watoke mara moja na wasilale ndani ya nyumba hiyo, kisha mtafute afisa ugani wako. Katika yote niliyokuandikia, hili ndilo usilolisubirisha.

Tuje kwenye vipimo vya shamba, maana hapa utaisaidia ofisi kwa namna ambayo hawajaizoea. Muulize mkulima yeyote ukubwa wa shamba lake, atakwambia "ekari mbili" au "tatu". Muulize alipimaje. Atakwambia hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho kina asili nzuri, kwani yadi 70 kwa 70 inakaribia sana ekari moja kamili, yaani mita za mraba 4,047. Shida ni kwamba hatua ya mtu si yadi. Siku moja nilimfuata mzee mmoja na futi kamba, yeye akitembea hatua zake mimi nikipima. Hatua yake ilikuwa sentimita 75. Fanya hesabu: hatua 70 ni mita 52.5, na mraba wake ni mita 2,756, ambayo ni kama theluthi mbili tu ya ekari. Mzee huyu alikuwa amevuna magunia 6 kwenye "ekari" yake, na kwa miaka mingi kitabu cha ofisi kilimwandika mkulima wa magunia 6 kwa ekari. Kumbe alikuwa anakaribia 9. Alikuwa mmoja wa wakulima hodari kijijini na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Fikiria sasa makosa hayo yakijumlishwa kata nzima, yakapelekwa wilayani, kisha mkoani. Fikiria pia usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23, ambao nao unauliza mtu ana ekari ngapi. Kwa hiyo nunua futi kamba ya mita 50 kabla ya kuondoka. Chagua kaya 20, tano kila kijiji, wanawake na wanaume, wenye ng'ombe na wasio nao, upime mashamba yao kwa mita. Mabua bado yamesimama, mipaka inaonekana, hakuna mmea wa kukanyaga. Januari kazi hiyo haiwezekani. Pima na debe lao pia. Tafuta mzani, pima debe la mahindi lililosawazishwa na debe lenye kilima juu, uone tofauti, kisha uliza wanunuzi wanaopita kijijini hutumia lipi. Kila Jumatatu andika bei ya debe kijijini na bei ya gunia Kibaigwa. Wiki nane zitakupa safu mbili za namba ambazo afisa ugani wako hana muda wa kuzikusanya na ambazo kila mkulima atataka kuziona.

Mbegu sitazirefusha, ila fanya hili. Wengi hupanda mbegu waliyobakiza wenyewe. Hesabu punje 100 kutoka kwenye mbegu ya mkulima, zifunge kwenye kitambaa cha pamba chenye unyevu, kiweke kivulini usiache kikauke, na baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa 85 au zaidi, apande kwa amani. Zikiwa 60, amejua mapema, ana miezi mitatu ya kutafuta nyingine, labda Macia kwa mtama au Okoa kwa uwele, na TARI Hombolo, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, haiko mbali. Kituo hicho ndicho chenye utaalamu wa mtama na uwele kwa ukanda huu. Mwombe afisa wako akupeleke hata siku moja.

Kuna kazi nyingine ya kiangazi inayofaa sana huko, vishimo vya Chololo, vilivyopewa jina la kijiji kimoja hapo hapo Dodoma. Huchimbwa kabla ya mvua, upana na kina cha sentimita 20 hadi 25, nafasi ya 60 kutoka shimo hadi shimo na 90 kati ya mistari, ili mvua ya kwanza isikimbie na udongo. Ni kazi ngumu. Usimhimize mtu achimbe ekari nzima. Chimba naye mstari mmoja, wewe mwenyewe ukishika jembe.

Nikwambie sasa kosa langu, kwa sababu nilikuwa na umri wako na cheti changu kilikuwa hakijakunjwa hata pembe. Kituo changu cha kwanza kilikuwa kijiji kimoja cha mikoa ya kati. Nilianzisha shamba darasa kwenye kipande cha mama mmoja, tukapanda kwa mistari, tukapalilia. Niliona magugu mengi kati ya mistari, nikawaongoza vijana tukayang'oa yote mpaka udongo ukabaki mweupe, nikasimama nikijivuna. Yule mama alipofika alinyamaza muda mrefu. Nilichong'oa kilikuwa mlenda wake, ule unaoota wenyewe, ambao huachwa makusudi, ukachumwa, ukakaushwa na kutwangwa, ukawa mboga ya kiangazi kizima. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, sasa mwezi wa nane tutakula ugali na nini?" Nilikuwa nimemnyang'anya mboga ya miezi minne kwa jina la utaalamu. Wewe utafika Julai na Agosti, utakula ugali wa uwele kwa mlenda uliokaushwa. Ukiula, uliza umechumwa wapi, na shamba lenyewe lilipaliliwaje.

Mabua nayo yana mtego kama huo. Darasani umefundishwa yaachwe shambani yafunike udongo. Ni kweli, udongo unayahitaji. Lakini Kongwa ni nchi ya ng'ombe. Baada ya mavuno shamba huwa malisho ya wote, na mabua ndiyo yanayowavusha mifugo hadi mvua. Mwenye shamba akikubali ushauri wako, ng'ombe wa jirani watakula hata hivyo, na akiwazuia ameanzisha ugomvi. Usitoe suluhisho. Uliza ni nani anayekubaliana na nani kuhusu mabua, kuna sheria ndogo ya kijiji au hakuna, wanaokata na kuhifadhi mabua kwa ng'ombe wao ni wangapi. Utakuta pia watu wanaoberega, yaani wanapanda bila kutifua ardhi, na kila mtaalamu aliyepita amewaambia waache. Kabla hujaungana na hao, uliza sababu. Kwa mama asiye na ng'ombe wa kulimia, mvua ya kwanza ikinyesha ana siku chache tu za kuweka mbegu ardhini. Akianza kutifua kwa jembe la mkono, unyevu utampita.

Na pale pale Kongwa kuna ushahidi mkubwa wa gharama ya kutouliza. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, kuangalia kama karanga zingeweza kulimwa kwa trekta kwenye eneo kubwa mno. Walizunguka kwa muda usiozidi miezi mitatu, wakaandika ripoti, na mwaka 1947 kazi ikaanzia Kongwa. Mpango ulikuwa kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mibuyu ikawashinda, mvua zikawa pungufu, na ule udongo wenye mfinyanzi, mvua zilipokatika, ukawa mgumu kama tofali, karanga zikashindikana kung'olewa. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, hasara ikiwa pauni milioni 36 hivi, na sehemu ya ardhi ikageuzwa ranchi ya ng'ombe. Mgogo yeyote aliyekuwa akilima hapo angeweza kuwaeleza habari za mvua na za udongo ule wakati wa kiangazi. Ukipita eneo la ranchi, simama kidogo. Nawe unakuja kwa wiki nane tu, kiangazi, na kalamu mkononi.

Kuhusu chai. Utatumwa, na utajaza fomu. Afisa ugani mwenye vijiji vinne ana taarifa za wiki, za mwezi, za robo mwaka, usajili wa wakulima, vikao vya kamati ya maendeleo ya kata, na simu za wilayani. Aprili 2022 serikali iligawa pikipiki zaidi ya 6,000 kwa maafisa ugani nchini, zikapunguza sana adha ya kutembea, lakini petroli mara nyingi huisha kabla ya wiki kuisha. Huyu mtu amechoka na ana mengi kichwani. Siku ya kwanza mwambie, "Mwalimu, kazi gani ya makaratasi imekulemea? Nipe mimi, ila Jumanne na Alhamisi niruhusu niende vijijini." Mpunguzie mzigo, naye atakufungulia milango. Ukimkuta anafanya jambo tofauti na ulivyofundishwa, usimsahihishe mbele ya wakulima. Muulize jioni. Mara nyingi ana sababu, na pale ambapo hana, atakushukuru kwamba ulimstahi.

Barua yako ya utambulisho inaanzia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inashuka idara ya kilimo, kisha kata. Lakini ukifika kijijini, barua haitoshi. Pita kwa mtendaji wa kijiji, kwa mwenyekiti, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji husika, kabla ya kuingia uwanja wa mtu yeyote. Ukiruka mmoja, watajua kabla jua halijatua.

Wazee watakusikiliza? Wataanza kwa kukutazama. Jifunze salamu: "Mbukwa" kwa mmoja, "Mbukwenyi" kwa wengi. Salimia kwa sauti inayosikika, uiname kidogo, usiharakishe kutoa daftari. Nenda saa za watu. Wakati wa kiangazi asubuhi ya wanawake ni ya maji, ndoo zinaanza safari kabla ya jua, kwa hiyo ukifika saa mbili utakuta wanaume peke yao na utaandika maoni ya wanaume peke yao ukidhani ni ya kijiji. Uliza kila kijiji mama zao hupumzika saa ngapi, uende saa hiyo, na ukiweza, ubebe ndoo uende nao kisimani. Kwamba wewe ni binti, hapo ndipo inakusaidia. Mimi kwa miaka 31 sikuwahi kukaribishwa mahali ambapo wewe utakaa siku ya tatu tu, jikoni, zilikotundikwa mbegu.

Usimuulize mzee "mwaka gani". Muulize kabla au baada ya mvua za El Nino, na mwaka 1997/98 utakuwa nguzo yako ya kuhesabia. Ukiulizwa swali usilolijua, sema, "Sijalijua hilo, nitamuuliza mwalimu wangu, Alhamisi nitakuletea jibu." Kisha Alhamisi urudi, hata kama jibu ni kwamba hukulipata. Kijiji kimeahidiwa mengi na watu wengi wenye gari. Binti aliyerudi Alhamisi kwa miguu, huyo watamsikiliza. Na usiahidi mbegu, mbolea wala mradi. Watakuuliza umeleta nini, wewe jibu ukweli kwamba umekuja kujifunza na kwamba utakachoandika utawasomea.

Mambo madogo ya mwili wako. Usiku wa Julai huko ni baridi kuliko unavyodhani, beba sweta nzito, na mafuta ya midomo kwa ajili ya upepo. Mwombe afisa au mtendaji akutafutie chumba kwenye nyumba ya familia yenye mama, usikae peke yako kando ya barabara. Usipande bodaboda ya usiku na mtu usiyemjua, na mwenzako mmoja chuoni awe anajua kila siku uko kijiji gani. Usione aibu kukataa safari isiyokupa amani, hata aliyekuita akiwa mkubwa wako.

Agosti 8 ni Nane Nane, na kwa kanda ya kati maonyesho ni Nzuguni, Dodoma. Huenda halmashauri ikakupeleka kwenye banda lake. Nenda, ila usikae bandani siku zote. Chukua na wewe karanga za yule mama, zile zilizoloweshwa na zile kavu, utembee nazo kwa watengeneza mashine na kwa wanunuzi, uwaulize bei ya kila moja. Utarudi kijijini na majibu ya maswali aliyokuuliza.

Ripoti ya chuo iandike kwa mtindo wanaoutaka. Lakini fungua daftari la pili, la Kiswahili, lenye kurasa zisizozidi 20: vipimo halisi vya mashamba ya kaya zile 20, uzito wa debe, bei za wiki nane, matokeo ya uotaji wa mbegu, na maneno ya watu kuhusu mabua, mlenda na karanga. Wiki ya mwisho usifanye jambo jipya. Pita tena nyumba zote 20, umsomee kila mwenye nyumba ulichoandika juu yake, na akisema "hapo sikusema hivyo", futa, andika upya mbele yake. Kisha toa nakala mbili. Moja mwachie afisa ugani wako kwenye ile meza moja. Nyingine mpe mtendaji wa kijiji, na umwonyeshe ukurasa wenye jina la yule mzee wa magunia tisa, maana kila kijiji kinaye, na wewe utakuwa umempata wa kwako.